Nyuzi za Sufi kwenye Kioo

Kikopo kilitoka zahanati mpaka nyumbani kimefichwa ndani ya pakiti ya sukari, na kama kingekuwa na mdomo kingecheka. Maana kilikuwa kitupu! Kikopo cha plastiki cha kawaida tu, mfuniko wa kuzungusha, karatasi yenye jina imebandikwa ubavuni. Lakini Fundi alikibeba kama kina siri ya serikali. Aliacha barabara, akazunguka nyuma ya kiwanda cha matofali asije akakutana na mtu, na huko huko nyuma ya kiwanda cha matofali akakutana na mtu. Tena nani? Jirani yake mwenye mito, aliyekuwa ameacha minne kwa Fundi ijazwe, mwanamke ambaye ukimwambia jambo saa tatu, saa nne linakurudia limevaa nguo nyingine.

"Fundi! Hiyo sukari umepata wapi? Dukani kwetu imekwisha tangu juzi."

"Huko," Fundi akasema, akanyoosha kidole upande ambao hauna duka hata moja.

"Basi nigawie kidogo."

"Imelowa."

"Imelowa? Mvua ya wapi?"

Fundi alikuwa ameshaondoka. Akakohoa mara mbili akiwa njiani, na jirani akasimama pale pale akimhesabia.

Alikuwa fundi wa magodoro. Si haya ya sponji, hapana. Yale ya sufi na pamba, yanayoshonwa kwa mkono na kubanwa kwa vifundo vya uzi mnene ili tumbo la godoro lisitokeze. Nyumba yake ilikuwa vyumba viwili na baraza, na baraza ndiyo karakana. Sufi, nyuzi nyepesi za matunda ya msufi, iliingia kila mahali. Ilikaa kwenye nyusi zake, ikaelea kwenye chai, ikajificha kwenye nywele za binti yake wa miaka minne, ambaye nyumba nzima ilimwita Bosi kwa jinsi alivyokuwa akiamrisha watu. Kwa hiyo Fundi alipoanza kukohoa, wiki ya kwanza, ya pili, mwezi, kila mtu alikuwa na jibu tayari. Sufi hiyo. Itapita.

Aliyelikataa jibu hilo ni matroni wa shule ya bweni. Alikuja na kazi nono: magodoro themanini ya kufumuliwa na kujazwa upya, wiki tatu, Fundi afanyie kazi kwenye ukumbi wa shule na alale huko huko. Mwaka mzima hakuwa amepata kazi ya namna hiyo. Alikuwa bado anatabasamu alipobanwa na kikohozi, akakohoa mpaka akashika nguzo ya baraza. Matroni akarudi nyuma hatua moja, kwa adabu lakini akarudi.

"Fundi, mimi nina mabinti mia mbili wanaolala kitanda kwa kitanda. Kapime kifua. Niletee karatasi ya zahanati Jumatatu, nikupe ufunguo wa ukumbi. Bila karatasi, namtafuta mwingine."

Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Alhamisi Fundi akaenda zahanati. Maabara ilikuwa chumba kidogo mwisho wa korido, na mwenye maabara alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa ambaye watu wote walimwita Mama Vioo, kwa kuwa miwani yake ilikuwa kioo, kazi yake ilikuwa kioo, na ukimwudhi alikutazama kama na wewe ni kioo. Alimpeleka Fundi nyuma ya jengo, penye upepo, chini ya paa la mabati lisilo na kuta.

"Vuta pumzi, ishike, halafu kohoa kutoka huku chini," akasema, akijigonga mbavu. "Sitaki mate. Mate hayana habari yoyote ya kunipa."

"Watu wananisikia, mama."

"Wakusikie. Wamekuja kufanya nini wao, kununua nyanya?"

Fundi akakohoa, akatoa, akafunika macho yakimtoka machozi ya aibu. Akadhani yamekwisha. Ndipo Mama Vioo akampa kikopo cha pili.

"Hiki ni cha kesho. Ukiamka tu, kabla hujala wala hujanywa. Usiku kucha yanakusanyika kifuani, kwa hiyo cha asubuhi ndicho huwa kinasema ukweli."

Jamani, hayo maneno sita ya mwisho! Mama Vioo aliyasema kwa nia njema kabisa. Fundi akayabeba mpaka nyumbani pamoja na pakiti ya sukari, na kila hatua yalizidi kuwa mazito. Maana mtaani kwao jina la kifua kikuu lilikuwa halitamkwi. Lilionyeshwa: mtu anajigonga kifua mara mbili, ananyanyua nyusi, na basi, umeshahukumiwa. Na kesho kikopo kitasema ukweli.

*

Nyumba ile ilikuwa na mtu wa nne. Huyu alikuwa mdogo wake mke wa Fundi, kijana mpana wa mabega aliyekuwa akipakua mifuko ya simenti kwenye ghala. Mifuko miwili kwa mpigo, mmoja kila bega. Wakamwita Chuma. Alilala chumba cha pili pamoja na Bosi, yeye kwenye mkeka na Bosi kwenye kitanda, na kila jioni Bosi alipanda mabegani kwake, akamshika masikio yote mawili na kusema, "Twende!" Chuma akaenda. Hakuna mtu aliyewahi kumwona Chuma anaumwa. Miezi hii mitatu alikuwa amepungua kidogo, ndiyo, lakini mwenyewe alijisifu.

"Nimekata mwili," alimwambia dada yake. "Watu wanalipia huo mwili."

Na kila mkanda ulipolegea alimletea Fundi, Fundi akapasha msumari moto na kumtobolea tundu jingine.

Ijumaa alfajiri Fundi akamkuta uani, ananawa uso.

"Shemeji."

"Naam, shemeji."

"Nina shida ndogo. Nisaidie."

"Sema. Nibebe nini?"

"Si kubeba. Kukohoa."

Chuma akabaki na maji yanamtiririka kidevuni. Fundi akatoa kikopo mfukoni, akamweleza kwa sauti ya chini kama mtu anayenunua kitu cha wizi. Chuma akacheka mpaka akashika ukuta.

"Shemeji, wewe mwenyewe unakohoa bure kutwa nzima! Leo unaazima?"

"Cha kwangu kina sufi. Wataona mavumbi waseme ni ugonjwa, na matroni yule anampa kazi mtu mwingine. Wewe ni mzima. Wewe ni Chuma."

Hapo alimpatia. Ukitaka kitu kwa Chuma, taja tu jina lake. Akachukua kikopo, akavuta pumzi, na makohozi yakatoka mara moja, mazito, bila kuhangaika, kama yalikuwa nyuma ya mlango yanangoja kubishiwa hodi.

"Eh!" Fundi akashangaa. "Umejaza!"

"Simenti hiyo. Kila asubuhi inatoka." Chuma akafuta mdomo. "Nenda kachukue karatasi yako, shemeji. Na ukipata ukumbi huo usisahau nani alikukoholea."

Mke wa Fundi alitokea jikoni akimwona mumewe anafunga mfuniko. Alikuwa amelala vibaya kwa wasiwasi, na sasa uso wake wote ukafunguka.

"Baba Bosi, umeshatoa?"

"Kimetoka," Fundi akasema, na kwa kweli kilikuwa kimetoka.

"Ona sasa! Na jana ulivyokuwa unalalamika." Akakipokea, akakifunga kwa mfuko safi, akamtengenezea mumewe kola ya shati kama anakwenda kwenye harusi. Fundi alitazama ukuta muda wote.

*

Zahanati ile ilikuwa na jambo moja zuri sana: ukipeleka kikopo asubuhi, mchana unapata jibu. Husubiri wiki, husubiri barua. Kioo, rangi, moto kidogo, maji, rangi nyingine, na jicho la mtu. Basi Fundi akakaa kwenye benchi la nje, lile la wanaokohoa, ambalo lilikuwa limewekwa mbali kidogo na mengine. Alikaa pembeni kabisa, nusu ya makalio hewani, ili mtu akipita aone kama yupo yupo tu.

Mtu akapita. Jirani mwenye mito.

"Ahaa," akasema. Akatazama benchi, akamtazama Fundi, akatazama benchi tena. "Ndiyo maana sukari imelowa." Kisha akasema kwa upole uliokata kuliko tusi, "Ile mito yangu minne, Fundi, usihangaike. Nitapita jioni niichukue. Nitashona mwenyewe."

"Mbona bado miwili tu ya kujaza?"

"Hivyo hivyo ilivyo."

Hapo hapo Fundi akaitwa jina kutoka maabara.

Mama Vioo alikuwa ameketi kwenye kiti kirefu kisicho na mto, chini yake amekalia mafaili mawili ya zamani ili macho yafike kwenye hadubini. Fundi, kwa mazoea ya kazi, alikitazama kile kiti kwanza na kukisikitikia. Mama Vioo hakusema karibu.

"Wewe kazi yako nini?"

"Fundi wa magodoro."

"Ya nini?"

"Sufi. Na pamba, mtu akitaka."

"Njoo utazame."

Fundi akainama. Mwanzoni aliona kope zake mwenyewe. Mama Vioo akamsogeza kichwa kwa kidole, na ghafla ikafunguka duara ya mwanga, ya bluu bluu, na katikati yake nyuzi. Akasahau woga wote. Akacheka!

"Hii sufi!"

"Una hakika? Mimi nilisema pamba."

"Pamba? Mama, pamba uzi wake umejiviringa kama utepe uliosokotwa. Huu umenyooka, umekaa kama mrija, tena mtupu ndani. Hii ni sufi, na ni sufi nzuri." Aliongea kwa raha. Hakuwahi kuiona kazi yake kubwa namna ile. "Ni ya nani?"

"Ni ya kwako. Kikopo cha jana, ulichokoholea mbele yangu. Nimetafuta ugonjwa kwenye kioo hiki uwanja kwa uwanja, duara mia nzima, sikuona. Nimeona nyuzi tu." Akatoa kile kioo, akaweka kingine, akazungusha lenzi, akadondosha tone la mafuta. "Na hiki cha leo asubuhi. Cha kwako pia. Jina lako hili hapa. Tazama."

Fundi akainama tena. Safari hii bluu ilikuwa imejaa vijiti. Vidogo, vyembamba, vyekundu, kama mtu amemwaga kiberiti kwenye shuka la bluu. Vingine vimelala peke yake, vingine viwili viwili, vingine fungu zima.

"Hawa ndio..."

"Ndio wenyewe. Ninapaka rangi nyekundu, ninaosha kwa asidi. Kila kitu kinaachia rangi isipokuwa wao. Wao wakishika hawaachii." Mama Vioo akavua miwani. "Sasa nifundishe, wewe mwenye sufi. Mtu anayeamka kwenye sufi na kulala kwenye sufi, Alhamisi anakohoa sufi. Ijumaa asubuhi hana hata uzi mmoja?"

Fundi akakitazama tena kile kioo. Aliyekuwa ametoa ushahidi ni yeye mwenyewe, dakika moja iliyopita, tena kwa majigambo.

"Ni vya kwangu," akasema.

"Fundi."

"Ni vya kwangu, mama. Niandikie dawa." Na wallahi alikuwa anamaanisha. Kwa dakika nzima alipanga kumeza yeye zile dawa zote ili habari iishie pale.

"Ukimeza wewe, atapona yeye?" Mama Vioo hakupaza sauti, na hapo ndipo alipoogopesha. "Mwenye kioo hiki ana wadudu wengi mno. Mtu wa namna hii akikohoa ndani ya nyumba anawagawa. Sasa hivi, wewe unavyobana mdomo, anagawa. Anaishi peke yake?"

Fundi aliona mkeka. Akaona kitanda kidogo kando ya mkeka, hatua moja. Akaona mikono miwili midogo imeshika masikio mawili.

"Analala chumba kimoja na binti yangu," akasema. "Ni shemeji yangu. Ni mzima, mama. Anabeba mifuko miwili kwa mpigo. Mimi ndiye ninayekohoa. Mimi ndiye ninayekohoa!"

Mama Vioo akamwacha alie kidogo. Akampa pamba ajifute, Fundi akaitazama ile pamba, na wote wawili karibu wacheke.

"Mlete kesho asubuhi," akasema. "Na yule mtoto. Na wewe ulete kikopo chako, cha kweli."

*

Alipofika nyumbani jirani alikuwa anatoka na mito yake, mitatu kwapani na mmoja kichwani, sufi inamwagika njia nzima kwa vile miwili haikufungwa. Fundi alimpisha.

Aliwaambia wote wawili hapo hapo barazani, mkewe na Chuma, bila kukaa. Mkewe ndiye alianza kuelewa.

"Subiri. Ulimwazima mdogo wangu makohozi? Kama unaazima ndoo?"

"Nilidhani..."

"Nikakutengenezea na kola! Nikakifunga mfuko kwa mikono yangu! Kumbe ninabeba ugonjwa wa mdogo wangu na jina la mume wangu!" Alimrushia kilichokuwa karibu, na kwa bahati kilichokuwa karibu ni bonge la sufi, likapasuka hewani likamwangukia yeye mwenyewe. Akabaki mweupe kichwa kizima, analia na kupuliza puliza.

Chuma alikuwa anacheka. "Wamekosea. Mimi? Si nilifanya kumsaidia huyu? Wamechanganya vikopo."

"Hawajachanganya," Fundi akasema.

"Shemeji, nitazame. Unaona mgonjwa hapa?"

"Leta mkanda."

"Nini?"

"Mkanda wako. Vua."

Chuma akavua, kicheko bado kimemning'inia usoni, suruali ameishika kwa mkono mmoja. Fundi akaulaza mkanda kwenye meza ya kushonea, akachukua futi ya kitambaa inayoning'inia shingoni mwake na kupima kutoka tundu la dukani mpaka tundu la mwisho alilotoboa yeye. Akaweka kidole. Chuma akasoma namba, akasoma tena.

"Nilitoboa mimi," Fundi akasema. "La kwanza, la pili, la tatu. Nikakusifu na mwili. Shemeji, shati unalolalia asubuhi huwa limelowa?"

"Joto hilo."

"Sisi tunajifunika," dada yake akasema polepole. "Wiki zote hizi sisi tunajifunika blanketi."

Bosi akatokea chumbani, akamwona mjomba wake ameshika suruali, akaona ni nafasi. "Mjomba, chuchumaa. Twende!"

Na Chuma, ambaye hakuwahi kumkatalia yule mtoto kitu, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga nguzo. "Usije," akasema. "Bosi, usije. Kaa kwa mama." Akafunika mdomo kwa kiganja. Jioni hiyo alitandika mkeka wake barazani, kwenye upepo, bila kuambiwa na mtu.

*

Jumamosi walikwenda wote wanne, na hakuna aliyepita nyuma ya kiwanda cha matofali. Chuma alikoholea kikopo chenye jina lake mwenyewe, na kabla ya adhuhuri Mama Vioo alikuwa na jibu, akamwinamisha Chuma kwenye hadubini ajionee: vijiti vile vile. Akatenga kingine kipelekwe hospitali kubwa kwenye mashine inayoangalia kama wadudu ni wakaidi wa dawa. Siku chache baadaye jibu likaja kuwa dawa zitawaweza. Bosi akapimwa, akapimwa tena, akakutwa mzima, akapewa vidonge vyake vidogo vya kumkinga. Mkewe Fundi, mzima. Na kikopo cha Fundi?

"Nyuzi," Mama Vioo akasema. "Nyuzi juu ya nyuzi. Ila usiondoke unacheza ngoma. Hadubini inaona wengi, wachache wanaweza kuiponyoka. Funika pua ukifumua sufi, fanyia kazi nje, na kikohozi kisipokwisha wiki mbili, nikuone hapa kwa miguu yako."

Akaandika karatasi. Jumatatu Fundi akaipeleka kwa matroni, na angeweza kumpa tu akanyamaza. Lakini alikuwa amechoka na mambo ya kuficha. Akaeleza yote, mpaka pakiti ya sukari.

Matroni alimsikiliza mikono kifuani. "Kwa hiyo ulitaka kuingia kwa mabinti zangu na kifua cha mtu mwingine."

"Ndiyo, matroni."

"Kazi nusu nimeshampa fundi mwingine. Nilidhani huji." Akaisoma karatasi tena, juu mpaka chini. "Arobaini yaliyobaki chukua. Utafanyia uwanjani, si ukumbini. Na usiku unalala kwako."

Arobaini badala ya themanini. Fundi alitembea kurudi nyumbani akipiga mluzi, na alifika nusu ya njia ndipo akagundua kwamba anapiga mluzi mrefu, bila kukatizwa na kikohozi.

*

Miezi miwili ya kwanza ya dawa za Chuma, nyumba iliendeshwa na Bosi. Muuguzi alikuwa amesema lazima kuwe na mtu wa kumwona Chuma akimeza dawa kila siku. Dada yake ndiye aliyeandikwa, lakini nani angeweza kumshinda Bosi? Kila asubuhi alisimama mbele ya mjomba wake, mikono kiunoni.

"Meza."

"Nimemeza, Bosi."

"Fungua mdomo!"

Chuma akafungua. Bosi akachungulia, akaamuru ulimi unyanyuliwe, akaridhika, kisha akameza vyake na kufungua wake, mpana, na Chuma naye akachungulia kwa mbali.

Kwa mbali, maana hiyo ndiyo ilikuwa tabu. Muuguzi alimwambia baada ya wiki chache za dawa kwamba sasa hawezi kumwambukiza mtoto, arudi kuishi kawaida. Chuma aliitikia, na hakurudi. Aliendelea kulala barazani. Alihama benchi Bosi akikaa karibu. Mwili ulikuwa unarudi, sauti imerudi, ghalani wamempa kazi nyepesi ya kuhesabu mifuko mpaka apate nguvu, lakini mabegani hakumpandisha.

"Mpaka nione mwenyewe kwenye kile kioo," alimwambia dada yake. "Niliwaona walivyokuwa. Nataka niwaone walivyoondoka."

Siku ya kupimwa tena ilipofika, Fundi naye akaenda, amebeba kitu kwenye mfuko. Kikohozi chake kilikuwa kimekwisha zamani kwa kitambaa tu cha puani na kufanyia kazi nje. Kitu rahisi hivyo! Mfukoni mlikuwa na mto wa kiti, wa duara, umeshonwa vifundo saba, umekadiriwa kwa macho siku ile ile ya aibu.

Mama Vioo akatupa yale mafaili, akauweka mto kitini, akakaa. Akajitikisa kulia, akajitikisa kushoto.

"Ni sufi au pamba?"

"Pamba. Nisije nikakuletea nyuzi zangu tena kwenye vioo."

Akacheka, akainama kwenye hadubini, na cheko likakoma kwa ajili ya kazi. Alisogeza kioo kidogo kidogo. Uwanja kwa uwanja. Fundi alimshika shemeji yake mkono, na Chuma, mwenye mkono kama gogo, akauacha ushikwe.

"Njoo," akasema Mama Vioo.

Chuma akainama. Akatazama muda mrefu sana.

"Mbona tupu?"

"Ndiyo hiyo."

"Hata mmoja? Nilikuwa na neno la kumwambia."

"Hata mmoja. Bado miezi minne ya dawa, sikudanganyi, na ukiacha njiani watarudi na hasira. Lakini leo, kwenye kioo hiki, ni bluu tupu."

Alipotoka nje alifunga mkanda matundu mawili nyuma. Bado lile la dukani.

Pale nyumbani mkewe Fundi alisikia habari akiwa uani, akapiga kelele ambazo jirani mwenye mito alizisikia, na kwa kuwa alizisikia akaja, na kwa kuwa amekuja akakumbuka ghafla kwamba kule kwake kuna mito miwili inayovuja. "Nikuletee, Fundi? Maana mimi kushona..." Akatazama vidole vyake vilivyochomwa chomwa na sindano.

"Lete," Fundi akasema. "Na sukari kavu ninayo, ukitaka."

Hakuna aliyemtazama Chuma, kwa hiyo hakuna aliyemwona anachuchumaa. Bosi ndiye aliyemwona. Alikuwa amejilaza juu ya lundo la sufi, akaruka, akakimbia, akapanda kama anapanda ngazi ya nyumbani kwao, akashika masikio yote mawili.

"Twende!"

Chuma akainuka polepole, kama kwamba huyu mtoto mmoja ni mzito kuliko simenti yote ya ghalani. Akasimama wima. Sufi ikaporomoka kutoka kwenye nywele za Bosi, ikashuka taratibu mbele ya uso wake, uzi mmoja mmoja juani, na Chuma akapiga chafya moja kubwa iliyotikisa baraza.

Kila kitu kikasimama. Sindano ya Fundi, mkono wa mkewe, hata mdomo wa jirani.

"Sufi hiyo," Chuma akasema.

Bosi akainama kutoka juu, akamgeuza uso kwa masikio, akamtazama kichwa chini miguu juu.

"Fungua mdomo!"